Soft Machine: nani hasa aliwapeleka kwenye jazi, na kwa nini sauti ya Robert Wyatt ilinyamazishwa?

#1 Fundi Redio
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera miaka mingi kuhusu Soft Machine, bendi ya Canterbury kule Uingereza, na najua humu kuna watu wenye masikio. Chukua albamu yao ya kwanza, waliyorekodi New York Aprili 1968. Ni roki ya enzi ile. Kuna nyimbo, kuna vibwagizo, Robert Wyatt anaimba huku anapiga dramu, Kevin Ayers yuko kwenye besi na Mike Ratledge kwenye kinanda. Sasa nenda moja kwa moja hadi Fourth, iliyotoka mwanzoni mwa 1971. Hakuna neno hata moja linaloimbwa. Ni saksofoni, kinanda, besi na dramu mwanzo mwisho. Kati ya kurekodi ile ya kwanza na kutoka kwa hiyo ya nne, miaka mitatu haijatimia.

Katikati ndipo inapokaa Third ya Juni 1970: santuri mbili, pande nne, na kila upande kipande kimoja tu cha karibu dakika ishirini. Vipande vitatu ni ala tupu. Kimoja, Moon in June, ndicho chenye sauti ya Wyatt, na baada ya hapo hakuimba tena neno kwenye albamu yoyote ya bendi hiyo.

Msimamo wangu ni huu: Ratledge na mpiga besi Hugh Hopper waliichukua bendi ya nyimbo wakaigeuza darasa la hesabu, na mwenye sauti ya pekee kuliko wote akabaki kuwa mpiga dramu tu ndani ya bendi aliyoianzisha mwenyewe. Leteni hoja. Nani aliwapeleka huko?

#2 Sikio la Tatu
Mkuu, swali lako limeanza katikati ya hadithi. Hawakupelekwa kwenye jazi, ndiko walikotoka.

Rudi mwanzoni mwa miaka ya 60. Mama yake Wyatt alikuwa na nyumba kubwa kijijini Lydden, karibu na Dover, na alikuwa akipangisha vyumba. Mmoja wa wapangaji alikuwa Daevid Allen, kijana wa Australia aliyeingia na shehena ya santuri za jazi. Wyatt na wenzake wa shule walizimaliza zote kwa masikio. Mwaka 1963, Allen, Wyatt na Hopper walipanda jukwaani pale Marquee, London, wakapiga jazi huria iliyochanganywa na mashairi. Rekodi ipo, ilitolewa miaka thelathini baadaye. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiwaza roki.

Kwa hiyo kama kuna kilichowachepusha, ni roki. Walipita huko miaka michache kwa sababu ndiko vijana wote walikokuwa, kisha wakarudi nyumbani.

#3 Mtoto wa Magomeni
Nimeona neno jazi nikakimbilia uzi nikijua tunazungumzia Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe, kumbe mambo ya Dover. Haya, naweka kambi. Lakini mwenye kujua aseme: kwa nini hakuna gitaa? Bendi ya roki isiyo na gitaa la solo inasimamaje?

#4 Mwalimu Solfa
Swali la Mtoto wa Magomeni ndilo lenye nusu ya jibu, msilipite.

Daevid Allen ndiye alikuwa mpiga gitaa. Mwaka 1967 walikuwa Ufaransa, na wakati wa kurudi akazuiwa kuingia Uingereza kwa matatizo ya kibali. Akabaki Ufaransa, ambako baadaye aliunda Gong. Bendi ikabaki na watu watatu, na kazi yote ya solo ikamwangukia Ratledge.

Ratledge alitumia kinanda cha Lowrey, wakati wenzake wengi waliamini Hammond. Ili asimezwe na dramu, akakipitisha kwenye kifaa cha kukwaruza sauti, kile ambacho wapiga gitaa hutumia, tena akiwa amefungulia sauti juu sana. Tatizo likawa moja: akiinua vidole tu, vifaa vinaanza kupiga mluzi. Dawa yake ikawa kutoinua vidole. Ndiyo maana solo zake hazipumui. Ni mstari mmoja mrefu unaokimbia, noti juu ya noti, na mpiga saksofoni wa jazi akiusikia anajua huyu ni ndugu yake.

Mimi nafundisha kinanda kanisani na kwa watoto wa mtaani kwetu. Naona kila mara jinsi chombo kinavyomfundisha mtu namna ya kuwaza. Mpe mtoto kinanda kibovu kisichoshika sauti ndefu, atajifunza kupiga haraka haraka. Watu wanasema Soft Machine waliamua kupiga jazi. Mimi nasema mkono wa Ratledge ulianza kupiga jazi kabla yeye hajaamua.

#5 Besi ya Changamwe
Ndugu zangu wa Bongo, hamjambo. Niko Mombasa, napiga besi.

Mwalimu, hiyo ya mluzi nimeipenda. Lakini mwasahau wapulizaji. Mwisho wa 1969 Soft Machine waliazima watu kutoka kundi la mpiga piano Keith Tippett: Elton Dean kwa saksofoni, Mark Charig kwa koneti, Nick Evans kwa tromboni. Akaongezwa pia Lyn Dobson. Wakawa saba jukwaani! Haikudumu, kwa sababu kulisha na kusafirisha watu saba si mchezo. Kufikia Januari 1970 walikuwa watano, na baada ya miezi michache akabaki Dean peke yake na wale watatu.

Dean hakuwa na historia ya kuwa msanii wa roki aliyependa jazi. Alikuwa mpuliza jazi, basi. Ukishamweka mtu wa namna hiyo katikati ya jukwaa kila usiku, nyimbo zitakwenda wapi? Mimi nasema bendi ilibadilika siku Dean alipoingia.

#6 Sikio la Tatu
Kaka wa Changamwe, saksofoni ilikuwapo kabla ya Dean. Sikiliza Volume Two ya 1969. Brian Hopper, kaka yake Hugh, anapuliza humo. Na albamu hiyo imeshaanza kuunganisha vipande bila kusimama. Wyatt anaimba alfabeti ya Kiingereza toka A hadi Z, kisha baadaye anaiimba kinyumenyume. Mtu anayeimba alfabeti kinyume ameshaanza kuitumia sauti yake kama ala. Hakulazimishwa na Dean wala Ratledge.

#7 Fundi Redio
Hapo mnanisaidia bila kujua. Wyatt alikuwa anaitumia sauti kama ala, sawa. Basi kwa nini ala hiyo ndiyo pekee iliyofutwa? Saksofoni ikaongezwa, kinanda kikabaki, besi ikapewa kifaa cha kukwaruza, na sauti ya binadamu ikaambiwa kwaheri. Kama wangetaka jazi tu, jazi ina waimbaji.

Halafu angalieni Moon in June ilivyotengenezwa. Baada ya ziara ya 1968 na Jimi Hendrix, Wyatt alibaki Marekani akarekodi toleo lake la kwanza peke yake. Hata kwenye Third, sehemu kubwa ya mwanzo anapiga kila kitu yeye: kinanda, besi, dramu, sauti. Wenzake wanaingia kuelekea mwisho, na wakiingia, kuimba kunakwisha. Hiyo peke yake inaonyesha hali ya bendi ilivyokuwa.

#8 Binti Ngamiani
Habari zenu. Mbona hakuna anayemtaja Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani? Mwaka 1969 na 1970 kila mwanamuziki aliyekuwa macho alikuwa anamsikiliza. Albamu yake Bitches Brew ilibadilisha kila mtu, na Third inafanana nayo hata kwa umbo: santuri mbili, vipande virefu, kanda iliyokatwa na kuunganishwa. Sioni haja ya kwenda Dover wala Lydden. Walisikia, wakafuata.

#9 Sikio la Tatu
Dada, tarehe hazikubali. Bitches Brew ilitoka madukani mwishoni mwa Machi 1970. Facelift, kipande cha kwanza cha Third, kimejengwa juu ya rekodi za jukwaani za Januari 1970, moja ya Croydon tarehe 4 na nyingine ya Birmingham tarehe 11. Albamu ambayo haijatoka haiwezi kuigwa.

#10 Binti Ngamiani
Sawa, tuiache Bitches Brew. In a Silent Way ilitoka katikati ya 1969, na humo kinanda cha umeme ndicho mfalme na kila upande wa santuri ni kipande kimoja kirefu. Tena gitaa humo linapigwa na John McLaughlin, mtu wa Yorkshire, aliyekuwa London hadi mwanzo wa mwaka ule ule. Besi ni Dave Holland, Mwingereza pia. London nzima ilijua wenzao wamechukuliwa na Miles. Mnataka kuniambia Ratledge na Hopper hawakuisikiliza?

#11 Sikio la Tatu
Hiyo nakubali, inawezekana kabisa. Ila kumbuka kuna mwingine aliyemwathiri Ratledge ambaye si mtu wa jazi: mtunzi Terry Riley wa California. Mwanzo na mwisho wa Out-Bloody-Rageous, upande wa nne wa Third, ni kanda za kinanda zinazozunguka na kujirudia, zikipandana. Hilo ni somo la Riley. Ukisema Third ni jazi umeieleza robo.

#12 Leicester Mbali
Nawasoma kutoka Uingereza. Mjomba wangu aliyekuja kusoma huku miaka ya 70 aliniachia santuri zake, na Third imo, jalada lake la rangi ya karatasi ya kufungia bidhaa. Kwa wasioijua: sauti yake ni mbovu. Facelift inanguruma, unasikia pale vipande vya kanda vilipounganishwa. Mjomba alikuwa akisema ndio utamu wake, kwa sababu unasikia jinsi walivyopiga usiku ule bila kupambwa.

Nataka kuongeza jambo moja ambalo huku bado wanalikumbuka. Tarehe 13 Agosti 1970 Soft Machine walipiga Royal Albert Hall, kwenye Proms, yale matamasha ya muziki wa klasiki ya BBC. Ndiyo bendi ya kwanza ya roki kupewa jukwaa hilo. Fikirieni maana yake kwa vijana wa Canterbury. Ukishaalikwa huko ukapigiwa makofi, utarudi kuimba alfabeti? Mimi naona heshima ndiyo iliyowavuta. Roki mwaka 1970 bado ilikuwa inaonekana ya watoto, na Ratledge alikuwa amesoma Oxford.

#13 Mtoto wa Magomeni
Kwa hiyo walipandishwa daraja wakaona aibu kuimba! Hata hapa kwetu tumewaona. Mtu anapiga dansi vizuri, siku akialikwa hoteli kubwa anaanza kupiga kwa adabu mpaka wachezaji wanakaa chini.

#14 Tumba na Sauti
Uzi huu umenigusa, acheni niseme.

Nilikuwa mpiga dramu na mwimbaji wa bendi moja ya hapa Mwanza. Sitaitaja. Tulianza marafiki, nyimbo nyingi zilikuwa za kwangu. Akaja mpiga kinanda mzuri sana, kijana aliyesoma muziki, anaandika noti. Mwanzoni ilikuwa raha, tukajifunza mengi. Kisha nyimbo zangu zikaanza kufupishwa: ubeti mmoja ukaondolewa ili solo iingie, halafu mbili. Hakuna aliyeniambia acha kuimba. Ilifika mahali kipaza sauti changu kinafungwa mazoezini kwa sababu "leo tunapitia ala tu". Siku nilipoondoka hakukuwa na ugomvi, na hilo ndilo liliuma zaidi.

Kwa hiyo nikisikia Wyatt alijiita nini mwaka 1970 naelewa moja kwa moja. Alipotoa albamu yake binafsi, The End of an Ear, kwenye jalada alijitambulisha kama mwimbaji asiye na kazi ambaye kwa sasa anapiga dramu Soft Machine. Wengine wanacheka wakisoma. Mimi sicheki. Mtu anaandika hivyo akiwa bado ndani ya bendi! Mwaka uliofuata akatoka, na mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alisukumwa nje na kwamba jeraha lile halikupona haraka.

#15 Mwalimu Solfa
Pole sana ndugu yangu Tumba. Nimekusoma taratibu.

Ila nataka tutofautishe kidogo. Hiyo The End of an Ear umeisikiliza? Hakuna nyimbo humo! Sauti ipo, lakini ni miguno, mizunguko ya kanda, maneno yasiyo maneno, na wapulizaji wale wale Dean na Charig wamo. Ni huria kuliko chochote walichotoa Soft Machine. Mwimbaji asiye na kazi alipopata nafasi yake mwenyewe hakurudi kwenye nyimbo, alikwenda mbali zaidi. Nyimbo zilirudi 1972 na Matching Mole.

Kwa hiyo hoja ya Fundi Redio kwamba Wyatt alitaka nyimbo na wenzake walitaka jazi haikai sawa. Wyatt na Dean walitaka uhuru. Ratledge na Hopper walitaka kuandika. Huo ndio mpasuko.

#16 Besi ya Changamwe
Mwalimu amepiga msumari. Na ushahidi uko kwa aliyefuata. Wyatt alipotoka walimchukua Phil Howard, Mwaustralia, rafiki wa Dean, mpiga dramu huria kabisa. Sikilizeni Fifth ya 1972, upande wa kwanza ni yeye. Dramu zake hazihesabu, zinatiririka. Mimi kama mpiga besi namhurumia Hopper, kwani hapo huna pa kukanyaga. Wakamwondoa katikati ya kurekodi, wakamleta John Marshall, ndiye yuko upande wa pili, na ghafla kila kitu kina kona na pembe.

Mwaka huo huo Dean naye akaondoka. Ikiwa tatizo lilikuwa roki dhidi ya jazi, kwa nini aliyeondoka baada ya mwimbaji ni mwanajazi kuliko wote?

#17 Fundi Redio
Hoja nzito hiyo. Lakini inanipa nguvu: wote wawili walikwama kwa watu wale wale wawili. Bado naona Ratledge na Hopper ndio mlango.

#18 Sikio la Tatu
Hopper mwenyewe aliondoka 1973, mkuu. Mlango gani unaojitoa bawaba?

#19 Mkongwa Halisi
Samahani kwa kuingia nimechelewa. Mnatafuta chanzo Canterbury, New York na California, na mmepita juu ya Waafrika waliokuwa London wakati ule ule.

Mwaka 1964 kundi la Blue Notes lilitoka Afrika Kusini kwenda tamasha la Antibes, Ufaransa, na halikurudi. Kwao Chris McGregor, mzungu, hakuruhusiwa kisheria kupiga na wenzake weusi: Dudu Pukwana, Mongezi Feza, Johnny Dyani, Louis Moholo. Wakaweka makazi London. Wanamuziki wa jazi wa Kiingereza waliokuwa wakiwasikiliza wameeleza walivyotikiswa. Walikuwa na nguvu ya dansi ndani ya jazi huria, kitu ambacho Waingereza hawakuwa nacho. McGregor akaunda Brotherhood of Breath mwaka 1970. Nani walikuwa kwenye tromboni na koneti? Nick Evans na Mark Charig, wale wale aliowataja kaka wa Changamwe hapo #5. Elton Dean naye baadaye alipiga miaka mingi na Moholo na mpiga besi Harry Miller, wote wa Afrika Kusini.

Na Wyatt hakuisahau njia hiyo. Juni 1973 alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne akapooza miguu. Dramu zikaisha. Mwaka 1974 akatoa Rock Bottom, akiimba tena, na tarumbeta mnayoisikia humo ni ya Mongezi Feza. Feza alifariki London Desemba 1975, kijana bado.

Mimi natoka Kongwa, Dodoma. Wakubwa wetu waliishi na wapigania uhuru wa ANC na SWAPO waliokuwa na kambi hapa tangu miaka ya 60. Mwaka 1985 Wyatt aliimba wimbo pamoja na waimbaji wa SWAPO kwa ajili ya uhuru wa Namibia. Nilipojua hilo niliacha kumwona kama mzungu wa roki. Kwa hiyo mkiuliza nani aliwapeleka kwenye jazi, wekeni na wakimbizi wa ubaguzi kwenye orodha.

#20 Binti Ngamiani
Asante sana Mkongwa. Hili la Feza kwenye Rock Bottom nilisikia tarumbeta miaka yote bila kujua ni ya nani.

#21 Sikio la Tatu
Heshima kwako Mkongwa. Tahadhari moja tu: Ratledge na Hopper, walioandika vipande vitatu kati ya vinne vya Third, hawakupita Brotherhood of Breath. Wapulizaji ndio waliopita, na wakati Brotherhood inaundwa Charig na Evans walikuwa wameshatoka Soft Machine. Athari ipo kwenye mji mzima, sikatai, lakini kwenye noti za Slightly All the Time, kipande cha pili cha Third, siisikii.

#22 Mkongwa Halisi
Athari ya mji ndiyo ninayoizungumzia. Tippett na vijana wake walikuwa wameshawasikia Blue Notes kabla ya kukanyaga Soft Machine. Noti zinaandikwa na mtu mmoja, namna ya kupuliza inatoka kwa wengi.

#23 Mtoto wa Magomeni
Nikiwa nasoma nimeulizia kwa jirani anayependa muziki, akaniambia Elton John alichukua jina lake kwa huyo Elton Dean. Ni kweli au ananifurahisha?

#24 Leicester Mbali
Ni kweli. Reginald Dwight alikuwa bendi moja na Dean, Bluesology, ikimsindikiza mwimbaji Long John Baldry. Akachukua Elton kwa Dean na John kwa Baldry.

Na kama unapenda za namna hiyo: aliyeziba nafasi ya Dean mwaka 1972 ni Karl Jenkins, Mwelisi, mpuliza obo na saksofoni. Huyo ndiye baadaye alitunga Adiemus na misa ya amani The Armed Man, inayoimbwa na kwaya dunia nzima. Sasa ni Sir Karl Jenkins.

#25 Mwalimu Solfa
Kwaya yetu imeimba kipande cha misa hiyo! Sikujua kabisa kwamba mtunzi alipita Soft Machine. Leo nimepata kitu cha kuwaambia wanakwaya Alhamisi.

#26 Besi ya Changamwe
Basi tumalize na hili la Jenkins kwa sababu ndilo lililobadilisha bendi kuliko yote. Jenkins na Marshall walitoka Nucleus, kundi la jazi-roki la mpiga tarumbeta Ian Carr. Hopper alipoondoka 1973 akaja Roy Babbington, naye wa Nucleus, na besi yake ya nyuzi sita. Mwaka 1975 kwenye Bundles akaongezwa Allan Holdsworth kwa gitaa, ambaye alishapiga na Carr. Hesabuni: wanne wa Nucleus na Ratledge mmoja. Gitaa la solo hatimaye limerudi, Mtoto wa Magomeni, furahi! Na kipande kikuu cha Bundles, Hazard Profile, kinatumia mstari ambao Jenkins alikuwa ameshautumia akiwa Nucleus. Mwaka 1976 Ratledge naye akaondoka, na hakuna mwanzilishi hata mmoja aliyebaki.

Kwa masikio yangu Bundles ni albamu ya wapigaji hodari sana na haina ile hatari ya 1970. Kwenye Third hujui kama kipande kitafika mwisho. Kwenye Bundles unajua kitafika, na kwa wakati.

#27 Tumba na Sauti
Mie Bundles naipenda, samahani. Dramu za Marshall zimenifundisha mengi. Mtu anaweza kumpenda Wyatt na bado akasikia kazi nzuri ya aliyekaa kwenye kiti chake.

#28 Binti Ngamiani
Jamani, na Kevin Ayers? Tumemwacha kabisa. Alikuwa ndiye mtunzi wa nyimbo hasa. Baada ya ziara ya Hendrix alichoka, akauza besi yake, akaenda kupumzika Ibiza. Hopper alikuwa mbeba vifaa wao, ndiye akapewa besi. Bendi iliyompoteza mtunzi wa nyimbo na kumpata mtunzi wa ala ingeelekea wapi? Labda jibu ni dogo kuliko tunavyolikuza: aliyejua kutunga nyimbo aliondoka mwisho wa 1968.

#29 Fundi Redio
Dada, Hopper alitunga nyimbo pia enzi za Wilde Flowers, lile kundi la Canterbury lililozaa Soft Machine na Caravan. Na Wyatt alikuwapo, anatunga. Wawili waliojua nyimbo walibaki. Walinyimwa nafasi, au mmoja alijinyima na mwingine akanyimwa.

#30 Sikio la Tatu
Kwa wanaotaka kusikia kabla ya kubishana zaidi: lile onyesho la Croydon la tarehe 4 Januari 1970, lililotoa sehemu ya Facelift, lilitolewa mwaka 2000 kama albamu iitwayo Noisette. Ni wale watano, Dean na Dobson wote wawili wakipuliza. Sikilizeni wanavyomaliza usiku. Wanarudi jukwaani na We Did It Again, wimbo wa Kevin Ayers kutoka albamu ya kwanza, wenye maneno machache yanayorudiwa rudiwa. Ayers ameshaondoka zaidi ya mwaka, saksofoni mbili zimejaa jukwaani, na bado wanaupiga. Fundi Redio, nieleze hilo kwa nadharia yako ya mlango.

#31 Fundi Redio
Nitaeleza. Kwenye onyesho hilo hilo Moon in June ipo, na walichopiga ni sehemu ya ala. Maneno ya Wyatt hayamo. Wimbo wa aliyeondoka unaruhusiwa kama kiburudisho cha mwisho, wimbo wa aliyepo unakatwa. Nipe sababu ya hilo nami nitasogea.

#32 Mwalimu Solfa
Huenda Wyatt mwenyewe ndiye aliyeukata. Yale maneno yanahusu maisha yake na mapenzi yake, na alipoalikwa BBC mwaka 1969 aliyabadilisha yote akaimba kuhusu BBC yenyewe na jinsi walivyopokelewa pale. Mtu anayebadilisha maneno yake hivyo si lazima atake kuyaimba kila usiku mbele ya watu. Kesho jioni nitalisikiliza tena toleo la BBC sambamba na la Third, nirudi na nilichosikia. Changamwe, wewe nisaidie upande wa besi: pale kwenye Third wenzake wanapoingia, ni Hopper anayeanza au ni Ratledge?